Kijana akishaguswa mafungoni, nini kinaishika imani yake baada ya hapo?

Mwalimu_Machomane

Bwana asifiwe, wapendwa. Hapa Chake Chake, Pemba, tuna darasa la kipaimara la vijana 14, wenye umri wa miaka 14 hadi 18. Askofu tunamtarajia mwisho wa mwaka. Kabla ya hapo tutawavusha kwenda Unguja kwa mafungo ya siku tatu, siku za kujitenga kwa sala, na humo wafike Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Sitafuti mbinu za kuwafanya waguswe. Mafungo yakiendeshwa kwa heshima wapo watakaoguswa: huyu atalia, yule atasema amesikia akiitwa jina, mwingine atataka kuungama usiku wa manane. Kinachowashinda walimu wengi ni kinachofuata. Waumini wazee ukiwauliza imani yao ilishika lini, wengi watakutajia siku au kipindi fulani cha ujanani. Lakini wapo waliolia machozi yale yale, na leo hata mlango wa kanisa hawaujui uko upande gani. Tofauti inatoka wapi?

Naomba mambo ya kutenda. Wiki za mwanzo kijana afanyiwe nini? Tunapimaje lililompata? Na asiyehisi chochote tumwambie nini? Halafu kuna mkesha: kamati inataka usiku wa pili tukeshe hadi alfajiri, nami nina wasiwasi. Zingatieni hali yetu pia. Wazazi wengi ni watumishi wa serikali na askari, leo wapo Pemba, kesho wamehamishwa. Skuli, kijana anaweza kuwa Mkristo peke yake darasani.


BabuKatekista

Mwalimu, salama. Nianze na kuandika, kwa sababu ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote na halina gharama.

Kila kijana awe na daftari dogo. Asubuhi ya siku ya mwisho, kabla ya kifungua kinywa na kabla hawajarudishiwa simu, wape dakika kumi na tano waandike mambo manne tu: tarehe na saa, mahali, neno gani lilikuwa likisomwa au kuimbwa, na nini kilimjia moyoni akitende. Tafsiri aiache. Asiandike "Mungu ameniambia nitakuwa mchungaji". Aandike "nilipokuwa nasikiliza Luka 5 nilitamani kumtumikia Mungu". Sentensi ya kwanza itamsumbua akifeli mtihani wa kidato cha nne. Ya pili itabaki kweli hata akiwa fundi umeme.

Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, alifanya hivyo. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, alipata jambo kubwa la kiroho. Akaliandika kwa maneno machache yaliyokatika katika, akaishona karatasi ndani ya koti lake. Alipofariki mwaka 1662 mtumishi akaikuta humo. Karibu miaka minane aliivaa, hakuitangaza. Kwa hiyo daftari likae kwa kijana mwenyewe. Mwalimu asilikusanye wala asilisome.

La pili: usimpandishe kijana madhabahuni Jumapili inayofuata atoe ushuhuda. Najua wengi hapa watanipinga. Hadithi inayosimuliwa mbele ya watu hukua kila inaposimuliwa, na watu wakipiga vigelegele kijana anaanza kuilinda hadithi badala ya kuilinda sala. Akija kupoa, hawezi kusema amepoa, maana kanisa zima linamjua kwa moto wake. Mtume Paulo baada ya Dameski alikwenda Uarabuni, na miaka mitatu ikapita ndipo akapanda Yerusalemu kuonana na Petro (Wagalatia 1:17-18). Alianza kuhubiri mapema, sikatai, lakini hakuna aliyemfanya kichwa cha mambo wiki ile ile. Kijana amweleze mtu mmoja tu, mtu mzima anayesali na anayejua kunyamaza.

La tatu, na hapo ndipo wengi huanguka. Lile tukio lazima lipewe chombo cha kukaa. John Wesley, kasisi wa Kianglikana, tarehe 24 Mei 1738 alikuwa katika mkutano mdogo wa Aldersgate Street, London, akahisi moyo wake ukipata joto kwa namna ya ajabu. Watu huishia hapo wanapomsimulia. Wasichosema ni kwamba Januari 1739, miezi saba na kitu baadaye, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye si Mkristo. Joto lilikuwa limemwacha gizani. Kilichokuja kuwashika yeye na wafuasi wake ni utaratibu: kuanzia 1742 waliwagawa waumini katika vikundi vya watu kama kumi na wawili, na kila wiki kiongozi akimuuliza kila mmoja roho yake inaendeleaje. Wako ni 14. Wagawe saba saba, kila kikundi na mlezi mmoja, wakutane mara moja kwa wiki kwa dakika arobaini na tano, isizidi. Maswali matatu yatosha: umesali siku ngapi, kipi kimekuwa kigumu, nani umemtendea jema. Kikundi kikizidi kumi na wawili, wakimya wanajificha. Kikipungua wanne, mmoja akikosa kinavunjika.

Sala ya kila siku iwe ndogo kiasi cha kutia aibu. Dakika kumi asubuhi, zaburi moja au aya kumi za Injili, na Baba Yetu. Vijana wakitoka mafungoni hutaka kuahidi saa nzima. Usikubali. Atakayeahidi saa nzima ataacha siku ya nane, na akishaacha ataona aibu, na aibu ndiyo itakayomweka mbali na kanisa. Dakika kumi anaweza kuzifidia. Na sisi wa visiwani tuna bahati: adhana ya alfajiri inatuamsha bure. Badala ya kujifunika shuka, aamke na yeye asome zaburi yake.

Nadhiri kubwa ziwekewe breki. Ignatius wa Loyola, aliyeyaweka mafungo katika utaratibu unaofuatwa mpaka leo, alimwonya anayeongoza mafungo: mtu akiwa katika faraja kubwa, usimwachie aweke ahadi ya haraka. Na akiwa katika ukiwa, asibadilishe alichoamua alipokuwa katika faraja. Ziweke kanuni hizo mbili pamoja, kijana azikariri. Ya kwanza inamzuia asiache skuli aende kuhubiri. Ya pili inamzuia asiache sala kwa sababu tu siku hizi haimwendei vizuri.

Ukame utakuja, na uwaambie kabla haujafika. Kwa kawaida mwalimu hunyamaza, akiogopa kuwavunja moyo, basi ukija kijana anadhani amedanganywa. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Kihispania wa karne ya 16, alitoa dalili tatu za kutambua ukame unaotoka kwa Mungu: mtu haonji utamu katika sala wala katika starehe nyingine, anahuzunika akidhani hamtumikii Mungu, na hawezi kutafakari kama alivyozoea ingawa anajitahidi. Zote tatu ziwepo kwa pamoja. Kama sala ni chungu lakini simu ni tamu hadi saa saba usiku, huo ni uvivu, na dawa yake ni kulala mapema.

Mkesha nawaachia wengine. Mimi siupendi kwa watoto.


Nesi_Wete

Shikamoo Babu. Mwalimu, nitakujibu la mkesha, kwa upande wa mwili.

Asiyelala usiku mzima, akiwa hajala vizuri, chumbani kuna joto na kelele, mwili wake unaweza kufanya mambo yanayofanana sana na mambo ya kiroho. Mikono inakufa ganzi na vidole vinajikunja kwa kupumua haraka haraka. Kizunguzungu, kuanguka. Kusikia ukiitwa jina wakati usingizi unaanza kukuchukua ni jambo linalowapata watu wengi wenye afya kamili. Sisemi Mungu hawezi kupita humo. Samweli naye alikuwa amelala. Lakini angalieni Eli alifanya nini: alimrudisha kitandani, na mpaka mara ya tatu ndipo akaelewa. Hakupiga kelele "aleluya" mara ya kwanza.

Kabla ya safari, kila mzazi ajaze karatasi: pumu, kifafa, seli mundu, kisukari, dawa anazotumia na saa zake. Mwenye seli mundu asifunge maji kabisa. Ukosefu wa maji, baridi ya usiku na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu. Mwenye kifafa kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana, na kuruka dozi ili "aombewe" ni hatari ya maisha. Dawa zinaendelea hata siku ya kufunga.

Akianguka mtu, msimzunguke. Alazwe, miguu iinuliwe kidogo, nguo za shingoni zilegezwe, apate hewa. Akizinduka vizuri apewe maji yenye sukari. Akiwa anatetemeka mwili mzima, alazwe kwa ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni, msimshike kwa nguvu, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Anayetaka kukemea akemee huku gari linatafutwa.

Boti nalo mlifikirie. Kipindi cha kusi bahari ya Nungwi huwa chafu, vijana watashuka bandari ya Malindi, Unguja, wametapika hadi wamekauka. Jioni hiyo msianze mafungo. Uji, kuoga, kulala.

Kwa hiyo ushauri wangu: kesheni hadi saa tano usiku, mwisho. Wale wanaotaka alfajiri waamke saa kumi na moja, wawe wamelala kwa muda wa saa sita kamili. Na jambo ambalo si la kitabibu lakini naliona halisemwi: kijana aliyeguswa yuko laini, anaamini lolote analoambiwa. Asiombewe na mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Wawepo watu wazima wawili, wasichana wawe na mama, mlango wazi.


Mtumishi_Mwera

Bwana asifiwe sana. Nimesoma na nimebarikiwa, ila Babu ametupiga mawe sisi wa upande wa pili.

Siku ya Pentekoste palikuwa na uvumi wa upepo na ndimi za moto, na watu wakadhaniwa wamelewa mchana kweupe. Paulo huyo huyo anawaambia Wathesalonike wasimzimishe Roho, ndipo anaongeza wapime yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:19-21). Makanisa mengine yanaanza na kupima, yanamaliza na kupima, hakuna kinachobaki cha kupimwa.

Lakini upimaji wenyewe naukubali, maana kwetu yanaharibika mengi pia. Muongozaji anayesukuma watu kwenye paji la uso ili waanguke anaharibu. Anayerudia mwito wa kutoka mbele mara tano mpaka watoto watoke kwa kuchoka, anaharibu. Mwito utolewe mara moja au mbili, wimbo mmoja, kisha kimya. Atakayetoka aandikwe jina na mtaa palepale, na atembelewe nyumbani ndani ya siku tatu. Ikipita wiki, ameshajieleza mwenyewe kwamba ilikuwa hisia tu.

Mnapomtembelea, msimuulize alihisi nini. Muulizeni anarudisha nini. Zakayo hakuhesabiwa kwa kupanda mkuyu. Alisimama akasema atarudisha mara nne kwa aliowadhulumu (Luka 19:8). Kwa kijana wa skuli ni mambo madogo lakini yanauma: kalkuleta ya mwenzake aliyoichukua, pesa za sadaka alizonunulia vocha, uongo aliomwambia mama. Akirudisha kimoja ndani ya wiki ya kwanza, tukio lake limeshika ardhi. Akilia kila ibada na kalkuleta bado iko begini, endeleeni kumpenda lakini msimpe maikrofoni.

Jonathan Edwards, mchungaji wa Marekani aliyeuona uamsho mkubwa wa miaka ya 1730 na 1740 na pia kupoa kwake, alifika hapo hapo. Alisema ukubwa wa hisia, mwili kutetemeka, ufasaha wa kuzungumzia mambo ya Mungu, hata aya za Biblia kukujia ghafla, havithibitishi wala havikanushi kitu. Alama aliyoiweka mwisho na kuieleza kwa urefu kuliko zote ni maisha yenyewe, yakidumu.

Ushuhuda sikubaliani na Babu kabisa. Kijana akinyamaza miezi sita kwenye mtaa ambao yeye ni Mkristo peke yake, atanyamaza maisha. Wekeni mpaka badala ya kukataza: dakika tatu, mbele ya kikundi chake cha watu saba, aseme alivyokuwa, kilichotokea, anachofanya sasa. Bila kupiga chumvi juu ya dhambi za zamani. Mtoto wa miaka 15 hana zamani ndefu kiasi hicho.


BabuKatekista

Mtumishi, mbele ya saba nakubali. Mbele ya mia mbili bado nakataa.


Tumsifu_Shangani

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, naona mpango wako wa masomo unaishia siku ya kipaimara. Hapo ndipo pana tundu.

Kanisa la kale lilifundisha zaidi baada ya tukio kuliko watu wanavyofikiri. Huko Yerusalemu katika karne ya 4, waliobatizwa Mkesha wa Pasaka walikuwa wakirudi juma lile lile kuelezwa maana ya maji, mafuta na mkate waliovipokea. Kwanza walipitia, halafu wakaelezwa. Katika utaratibu wa Kikatoliki wa wakatekumeni watu wazima, yaani wanaojiandaa kubatizwa, jambo hilo limerudishwa, na kipindi chake ni zile siku 50 kutoka Pasaka hadi Pentekoste. Kwa vitendo, masomo yenu kama ni ishirini, wekeni kumi na manne kabla ya askofu na sita baada yake. Mtashangaa nani anarudi. Wazazi waelezwe mapema, maana familia nyingi zikishapika pilau na kupiga picha zinahesabu kazi imekwisha.

Katika yale sita, somo moja lirudie ibada yenyewe hatua kwa hatua: kwa nini askofu aliweka mikono, kwa nini aliitwa kwa jina, kwa nini alirudia ahadi za ubatizo kwa kinywa chake mwenyewe. Somo jingine liwe la maswali anayoulizwa skuli. Kijana aliyeguswa hushikwa na ari ya kubishana barazani, na akibanwa kuhusu Utatu hana jibu, anarudi nyumbani imani imetetereka, na pengine amekwisha kumkosea jirani yake. Afundishwe kusema "ngoja nikaulize". Petro alitaka watu wawe tayari kujibu, lakini kwa upole na hofu (1 Petro 3:15). Mwezi wa Ramadhani asile njiani. Hiyo ni adabu ya mji, na haipunguzi chochote katika imani yake.


Mwalimu_Machomane

Nashukuru sana, nyote. Kamati nitaipelekea maneno ya Nesi kama yalivyo. Bado mawili: Mkunazini tuendeje ili isiwe matembezi ya picha? Na wale wasiohisi kitu?


Kajificheni

Mwalimu, kuhusu Mkunazini.

Msiende siku ya kwanza wala siku ya mwisho. Asubuhi ya siku ya pili ni bora, mapema, kabla watalii hawajajaa. Zungumzeni na ofisi ya kanisa kabla, mkiomba nusu saa ya kukaa kanisani kimya. Vijana 14 waingie makundi mawili, simu zibaki na mlezi.

Anzeni nje, kwenye sanamu ya watumwa waliosimama shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Msiseme kitu. Dakika tano. Kisha ndani. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kukubali soko la watumwa lifungwe, na mapokeo yanasema altare imesimama palipokuwa mti wa kuchapia. Pana duara la marumaru sakafuni. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kufariki 1882. Waonyesheni msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Nguzo zilizosimamishwa juu chini wakati askofu hayupo ziacheni mwisho, wacheke kidogo. Wanahitaji kucheka.

Sasa tahadhari. Vile vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa viko chini ya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaosema vilikuwa sehemu ya jengo hilo, si vya wafanyabiashara wa watumwa. Vijana wengi hulia humo. Ukijenga wito wa kijana juu ya machozi ya chumba kile, halafu akiwa chuoni asome kwamba jambo lenyewe lina ubishi, utakuwa umemtegea mtego. Mwambieni ukweli kabla hajashuka: soko lilikuwepo hapa, hilo halina shaka, vyumba hivi vina mjadala. Imani iegemee lisilo na mjadala. Na jambo la pili: isigeuke hukumu juu ya jirani Mwislamu. Katika biashara ile walikuwemo wanunuzi, wauzaji, wapagazi na watia fedha wa mataifa na dini mbalimbali, na karafuu za Pemba zilichumwa na mikono ya watumwa kwa faida ya wengi.

Badala yake waelezeni habari za John Swedi. Alikuwa mmoja wa wavulana watano ambao Sultani wa wakati huo alimkabidhi Askofu Tozer, wa misheni ya Kianglikana iliyokuja kujenga kanisa hili, mwaka 1864. Alifanywa shemasi mwaka 1879. Hesabuni: miaka 15. Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyekombolewa utumwani, akawa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Makuzi ya vijana wale yalikuwa kengele ya asubuhi, sala, darasa, kazi za mikono, sala tena. Mtu mzima aliyetaka ubatizo alikuwa kwanza msikilizaji, halafu mkatekumeni, ndipo maji. Vijana wakiona hivyo wataacha kudhani kwamba Mungu hufanya kazi siku za mafungo tu.

Mkitoka, msiwaulize "mmejifunza nini". Wakae kivulini uani, wasome Zaburi 130 kwa zamu, aya moja moja, kisha mrudi.


BabuKatekista

Kajificheni umenifunza. Namalizia la wasiohisi kitu.

Kwanza mwalimu asitumie neno "bado" mbele yao. Ukimwambia "wewe bado hujaguswa", atajifanya ameguswa siku ya pili, na wengine watamwigiza. Timotheo hatuambiwi aliangushwa njiani. Imani yake Paulo anaitaja kuwa ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Kijana wa namna hiyo mpe kazi ya kudumu: kutandika altare, kufungua kanisa, kufundisha watoto wa Jumapili wimbo mmoja. Wengine huja kuona walichopewa wakitazama nyuma, kama wale wawili wa Emau ambao mioyo yao iliwaka njiani lakini walilitambua baada ya mkate kumegwa (Luka 24). Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu, kikundi kifungue madaftari, kila mtu asome ya kwake kimya, aandike mstari mmoja chini yake. Asiyekuwa na tukio aandike kazi aliyoifanya na nani alikuwa naye.

Huko Banani, nje ya Chake, Marafiki wa Uingereza, yaani Wakweka (Quakers), waliweka misheni yao tangu 1897, na ibada yao ni kukaa kimya mpaka mtu apate neno la kusema, na asipopata hakuna anayemuuliza. Dakika ishirini za kimya cha namna hiyo siku ya pili jioni, baada ya Mkunazini, zitawafaa hasa hao wasiohisi. Dakika saba za kwanza watakohoa na kuchezea ndala. Msizikatize.

Na uhamisho. Januari skuli zinapofunguliwa ndipo mnapowapoteza. Weka daftari lenye simu ya mzazi, na ukisikia familia inahama, fanya mambo matatu kabla boti halijaondoka bandari ya Mkoani: barua ya utambulisho yenye tarehe na mahali pa ubatizo na kipaimara pamoja na namba ya rejista, simu kwa padri wa huko aendako, umtajie kijana kwa jina, na namba ya kijana mmoja wa kanisa la huko, rika lake, atakayemfuata nyumbani Jumapili ya kwanza. Barua peke yake hukaa begini. Padri peke yake husahau. Yule wa rika lake ndiye anayemtoa ndani, kwa hiyo ukikosa muda wa yote matatu, mtafute huyo.


Mwalimu_Machomane

Babu, kijana akihamia sehemu isiyo na kanisa letu karibu?


BabuKatekista

Mpeleke kwa kanisa lolote lililo karibu linalomkiri Kristo na linalosali kila Jumapili, na umwandikie mchungaji wa hapo barua ile ile. Mlezi wake wa kikundi ampigie Jumatano, dakika kumi, maswali yale yale matatu, kwa miezi sita ya mwanzo. Vocha iwe ya kanisa, isiwe ya mlezi.